Wapinzani wa Njia Moja

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu mashindano ambayo huenda wengi wenu hamjapata kuyasikia, kwa kuwa hayachezwi uwanjani wala hayana bingwa mmoja wa kubebwa mabegani: ni mashindano ya kutembea kwa miguu, kwa vikosi, kwa kupokezana, usiku na mchana, kutoka mji wa Portland katika jimbo la Oregon, huko Marekani, hadi mji mdogo wa Seaside ulio ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki, safari ya maili zipatazo 130, yaani kilomita zaidi ya 200. Nimeyachagua haya kwa sababu ndani yake limo jambo ambalo kwa muda mrefu limenishughulisha, nalo ni jinsi watu wanavyoweza kushindana kwa azma ya kweli, kila mmoja akitamani kwa moyo wake wote kumwacha mwenzake nyuma, na ushindani huo huo, badala ya kuwafarakisha, ukawa ndio fundo la urafiki wao.

Asili ya mashindano haya ya kutembea ni mbio. Mwaka 1982 mtu mmoja aitwaye Bob Foote, ambaye wakati huo alikuwa rais wa chama cha wakimbiaji wa barabarani cha Oregon, aliwakusanya wenziwe wakafanya vikosi vinane, wakaondoka katika hoteli ya Timberline iliyojengwa ubavuni mwa mlima Hood, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa futi karibu 6,000, wakateremka kwa kupokezana mpaka pwani. Mbio hizo zikapewa jina la Hood to Coast. Mwanzoni ziliishia mahali paitwapo Pacific City, na tangu mwaka 1989 huishia Seaside. Vikosi vinane vya siku ile leo vimezidi elfu moja, na kikosi kilichotimia kina wakimbiaji 12, na kila mkimbiaji ana vipande vitatu vya njia, jumla yake vipande 36 katika mwendo wa maili takribani 200. Na mwaka 1995 kikosi cha kampuni ya Nike, kilichojipa jina la Mambu Baddu, kilimaliza mwendo huo kwa saa 15, dakika 44 na sekunde 55, ambayo ni kasi ya dakika tatu hivi kwa kila kilomita, milima na mabonde.

Lakini wakimbiaji wana wasemaji wao wengi, na mimi leo nataka kuwasemea watembeaji. Hao walipata nafasi yao mwaka 1991, pale waandaaji walipofungua njia ya pili inayoanzia Portland, wakaiacha sehemu ya mlimani, wakatangaza kwamba katika njia hiyo hakuna ruhusa ya kukimbia. Waliokuja ni watu wa namna nyingine: mama wa makamo waliokwisha kuwalea watoto wao, wazee waliostaafu kazi, wauguzi, walimu, watu waliokuwa wakimbiaji zamani na magoti yakawakatalia, na kadhalika vijana walioona kwamba kutembea kwa kasi ni sanaa inayotaka kujifunza. Wanawake ni wengi sana miongoni mwao. Kikosi kilichotimia kina watu 12, njia imegawanywa vipande 24, na kwa hiyo kila mtu hutembea mara mbili, kila mara mwendo wa maili tano au sita hivi, pengine pungufu na pengine zaidi. Kikosi husafiri katika magari mawili, watu sita katika kila gari. Gari moja likiwa kazini, likimshusha mmoja na kumpakia mwingine, lile la pili hutangulia mbele, watu wake wakatafuta chakula na mahali pa kulaza ubavu, mpaka zamu yao ifike.

Njia yenyewe huufuata kwanza mto Columbia kuelekea mji wa St. Helens, kisha huacha barabara kuu na kuingia misituni, ikapita vijiji vidogo vya Mist, Birkenfeld na Jewell katika bonde la mto Nehalem, ikapanda na kushuka vilima vya miberoshi na misonobari, mahali pengine lami ikikoma na vumbi likianza, mpaka ikatokea Seaside, ambako kikosi kizima hukusanyika mchangani na kuvuka mstari wa mwisho pamoja. Haya hufanyika mwisho wa mwezi wa Agosti, wakati ambapo mchana huwa na joto la kuchosha na alfajiri ya karibu na bahari huwa na ukungu wa baridi, hata mtu aliyetoka jasho jana mchana hujifunika blanketi leo asubuhi huku meno yakigongana.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa maana hapa ndipo ushindani wenyewe unapopata sura yake. Kikosi cha watembeaji wa kawaida, wanaokwenda maili moja kwa dakika 15, kitahitaji saa 32 na nusu kuimaliza njia; na kikosi cha hodari, wanaokwenda maili kwa dakika 12, kitahitaji saa 26. Lau wote wangeondoka kwa pamoja, wa mbele wangefika na kurudi makwao kabla wa nyuma hawajaiona bahari, na mji mdogo ule usingejua uwapokee nani na lini. Kwa hiyo waandaaji huwatoa kwa mafungu kufuatana na kasi waliyoiandika: wa polepole hutangulia, wenye kasi huondoka saa kadhaa baadaye, ili kwamba wote wakaribie kufika kwa wakati mmoja. Natija ya mpango huo ni kwamba aliye mbele yako njiani huenda kwa saa akawa nyuma yako, na yule unayempita kwa furaha huenda si mpinzani wako hata kidogo, ilhali mpinzani wako wa kweli, yule mliyeshindana naye mwaka jana na mwaka juzi, yuko maili 20 nyuma yako gizani, anakuja, na wewe huna namna ya kumwona.

Basi kinachofanyika ni kuulizana. Gari la kikosi kimoja likifika kituoni, jambo la kwanza watu wake wanalolifanya, kabla hata ya kutafuta maji, ni kutazama magari yaliyokwisha kufika, kwa kuwa kila kikosi hulipamba gari lake kwa jina na rangi na maneno ya mzaha, na kwa hayo hutambulikana toka mbali. Wakiliona gari la wapinzani wao huwaendea. Mmeondoka saa ngapi? Mtu wenu wa nane amepita hapa lini? Na jambo la ajabu, ambalo katika mashindano mengine lisingewezekana, ni kwamba huambiwa kweli. Huambiwa saa na dakika, wakatoa karatasi zao, wakapiga hesabu pamoja juu ya boneti la gari, kwa mwanga wa tochi, kujua nani anamzidi nani na kwa dakika ngapi. Na hesabu ikitoka, walio nyuma hucheka na kuapa kwamba kabla ya Jewell watakuwa wamelilipa deni hilo, nao walio mbele huwatakia safari njema na kwenda kumhimiza mtu wao aongeze mwendo.

Na tusimame kwa fikra katika kituo kimoja cha namna hiyo, usiku wa manane. Ni uwanja wa nyasi kando ya barabara, umejaa magari, na kati ya magari wamelala watu ndani ya mifuko yao ya kulalia, wengine wamejiziba macho kwa vitambaa, kwa maana taa haziishi kupita. Pembeni kuna mstari wa vyoo vya kubebeka na mbele yake mstari mrefu zaidi wa watu wanaongoja. Harufu ya kahawa imechanganyika na harufu ya dawa ya misuli. Mtu mmoja wa kujitolea, aliyevaa koti zito, amesimama njiani mbele ya kituo. Kila mtembeaji anapokaribia huisoma namba iliyo kifuani mwake na kuitangaza kwa kipaza sauti, ili mwenziwe anayempokea ajiweke tayari. Ukiitazama barabara inakotoka msituni utaziona taa za vichwani zikija moja moja, zimeachana, zinapanda na kushuka kidogo kidogo, mithili ya karabai za wavuvi wa dagaa zionekanavyo kutoka ufukweni usiku usio na mwezi.

Namba inatangazwa, na anatokea mama wa miaka kama 60, kizibao chake kinameremeta kwa mwanga wa taa za magari. Tazama miguu yake. Kisigino kinatua kwanza, vidole vikiwa vimeelekea juu, goti limenyooka, wayo unajiviringisha mpaka kwenye dole gumba, na hapo ndipo mguu wa nyuma unapoiacha ardhi, wakati ambapo kisigino cha mbele kimekwisha kutua. Viwiko vimekunjwa na mikono inapita karibu na mbavu. Kiuno kinazunguka. Hata sasa, baada ya maili sita gizani, mwendo wake haujavunjika. Mkononi ana bangili ya kunasa, ile ambayo ukiipiga juu ya kifundo cha mkono hujizungusha yenyewe. Anaivua hatua tatu kabla ya mstari, anampigia mwenziwe mkononi, na yule mwenziwe anaondoka bila ya kugeuka. Mama huyu anajishika magoti, na mtu wa kwanza anayemfikia kwa chupa ya maji ni kijana wa kikosi pinzani ambaye yupo pale akingoja mtu wake mwenyewe. Anayanywa, anamshukuru, kisha anamwambia kwamba mtu wao amemwacha nyuma kwenye kilima na kwamba asitarajie kumwona kabla ya robo saa. Kijana anacheka. Baada ya dakika 11 mtu wao anatokea.

Mizaha ni sehemu ya safari hii kama vile maji na chakula. Vikosi huandika juu ya vioo vya magari idadi ya watu waliowapita njiani, kistari kimoja kwa kila mtu, na idadi hiyo huongezwa kwa sherehe kila gari linaposimama. Wengine hutengeneza vibandiko vya sumaku vyenye nembo ya kikosi chao, wakaenda kwa kunyata kuvibandika kwenye magari ya wapinzani wakati wenyewe wamelala, hata gari likafika Seaside likiwa limebeba alama za mahasimu wake wote. Anayebandikiwa zaidi ndiye anayejulikana zaidi, na kwa hiyo hakuna anayekasirika.

Lakini mizaha peke yake haitoshi kuueleza urafiki huu, kwa sababu mizaha ipo katika mashindano mengi ambayo mwishowe huleta ugomvi. Sababu iliyo kubwa, kwa maoni yangu, ni kanuni ya kutembea yenyewe. Kutembea, kwa sheria za michezo, ni kwenda bila ya miguu yote miwili kuachana na ardhi kwa wakati mmoja, na sheria ya mashindano makubwa ya dunia inaongeza kwamba mguu wa mbele lazima unyooke gotini tangu unapoigusa ardhi mpaka mwili utakapokuwa wima juu yake. Sheria hii ni rahisi kuisema na ni ngumu sana kuilinda, kwa kuwa mwili wa mwanadamu, ukiharakishwa, hutaka kukimbia. Ndiyo tabia yake. Mtembeaji wa mashindano, kwa hiyo, hupambana saa zote na shauku ya miguu yake mwenyewe. Katika michezo ya Olimpiki huzungushwa katika njia fupi, ili waamuzi waliopangwa kando wamwone mara kwa mara, na akipata kadi nyekundu tatu huadhibiwa. Wenye kupenda michezo watakumbuka kwamba huko Paris, mwaka 2024, kwa mara ya kwanza katika Olimpiki yaliandaliwa mashindano ya kutembea kwa kupokezana, mwanamume na mwanamke, mwendo wa marathoni nzima, na Wahispania Álvaro Martín na María Pérez wakaondoka na dhahabu kwa muda wa saa 2, dakika 50 na sekunde 31; na hao wote walitembea mbele ya macho ya waamuzi.

Katika barabara ya Oregon mambo si hayo. Waamuzi hawawezi kuenea katika kilomita 200, na hata wangeenea, usiku ni usiku, na msitu ni msitu. Mtu aliye peke yake kati ya vijiji viwili, taa yake ikimulika hatua chache tu mbele, anajua kwamba akikimbia kwa dakika tano hakuna jicho litakalomwona, na dakika zile tano zaweza kuwa ndizo zinazokitenganisha kikosi chake na kikosi anachokiwinda. Na anajua kwamba mpinzani wake, atakapofika mahali pale pale, atakuwa na nafasi ile ile na ushawishi ule ule. Kwa hiyo kila mmoja amemwekea mwenzake amana. Kila mmoja anatembea kwa kuamini kwamba yule asiyemwona anatembea pia. Na imani hiyo ikiondoka, mashindano yote yamekwisha, kwa kuwa hakuna atakayekubali kutembea ilhali anashuku kwamba mwenzake anakimbia. Naona kwamba watu waliowekeana amana ya namna hii mwaka baada ya mwaka, na wakaiona inatunzwa, hawawezi kuwa maadui hata wakitaka.

Wala msidhani kwamba nasema haya kwa kubuni. Tarehe ya mchezo huu inayashuhudia. Katika karne ya 19 kutembea kwa mashindano kulipendwa mno Marekani na Uingereza, na wapinzani waliotajika kuliko wote walikuwa Edward Payson Weston, Mmarekani aliyejipatia jina mwaka 1861 alipotembea kutoka Boston hadi Washington ili kushuhudia Abraham Lincoln akiapishwa, akachelewa kwa saa chache tu, na Daniel O'Leary, mzaliwa wa Ireland aliyehamia Chicago. Mwaka 1877 walikutana London, katika ukumbi wa Islington, wakatembea siku sita mbele ya umati mkubwa wa watu, na O'Leary akashinda kwa maili karibu 520 dhidi ya 510 za Weston. Tazama jinsi walivyokaribiana baada ya siku sita! Lakini nyuma yao palikuwa na fedha nyingi na kamari nyingi zaidi, na watu wakaanza kuutilia shaka mwendo: huyu anatembea kweli, ama anakimbia kwa hila? Ubishi huo haukwisha, na mwaka 1878 Sir John Astley, aliyekuwa mfadhili wa mashindano hayo, alipotoa mkanda wake wa ubingwa aliruhusu kila mtu aende apendavyo, kwa kutembea au kwa kukimbia. Weston mwenyewe, aliyejivunia mwendo wake kwa miaka mingi, alikuja kuupata mkanda huo mwaka 1879 kwa maili 550, naye akikimbia kama wengine. Ubishi ulikwisha, na kutembea pia kukaondoka katika mashindano yale makubwa. Mimi nasikitika kila nikiisoma habari hiyo, kwa kuwa mchezo haukufa kwa kukosa wachezaji hodari wala watazamaji. Ulipotea kwa sababu uaminifu uliondoka katikati ya watu, na kilichouondoa ni tamaa ya fedha. Huko Oregon hakuna kamari. Anayeshinda hupata nishani na haki ya kujigamba mpaka Agosti nyingine, na naomba Mungu waandaaji wasije wakashawishika kuongeza zawadi ya fedha.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa tunao utani. Wachunguzi wa mila zetu wameeleza kwamba utani wa baadhi ya makabila, kama vile ule ulio baina ya Wanyamwezi na watu wa karibu na pwani, ulikua katika njia za misafara, pale wapagazi walipokuwa wakienda kwa miguu kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, miezi kwa miezi, kirangozi akiwa mbele na mizigo mabegani, wakipita katika nchi za wenyeji na kuhitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya watu na kukunyang'anya kofia. Lakini ukifikwa na msiba ndiye anayefika kwako bila ya kuitwa, na kazi nzito za mazishi, ambazo nduguyo hana nguvu ya kuzifanya kwa huzuni, yeye huzishika. Watu wa kandanda waliazima jina hilo wakaziita Simba na Yanga watani wa jadi, ijapokuwa, na nasema haya kwa kuwapenda wote wawili, wako mashabiki waliochukua matusi ya utani na kuyaacha mazishi. Watembeaji wa Oregon hawajapata kusikia habari za mtani wala kirangozi, na hata hivyo wamefikia mahali pale pale kwa njia ya miguu: wanataniana mchana kutwa, na mtembeaji akianguka gizani, akaumia kifundo, anayepita hasimami kuuliza ni wa kikosi gani.

Kasoro ziko, na si haki kuzificha. Magari ni mengi kupita kiasi. Barabara za vijijini zilizojengwa kwa ajili ya wakulima na wakata magogo hujazwa mabasi madogo kwa mamia, foleni zikafanyika karibu na vituo, hata imetokea mtembeaji akafika kituoni kabla ya gari lililomchukua mwenziwe wa kumpokea, akabaki amesimama na bangili mkononi huku dakika zinapotea. Hilo humchoma moyo mtu aliyejitahidi maili sita. Kadhalika ni jambo la kufikirisha kwamba mashindano ya watu waendao kwa miguu yahitaji petroli nyingi kiasi kile. Na mimi naona kwamba mahali penye vijiji vya karibu karibu, kama kwetu, jambo hili lingeweza kupangwa kwa magari machache, wapokeaji wakingoja katika nyumba za watu.

Na hapo nimefika kwenye haja yangu. Afrika Mashariki inajulikana ulimwenguni kwa wakimbiaji, lakini kutembea hatukukosa watu: Samuel Gathimba wa Kenya alipata nishani ya shaba katika mwendo wa kilomita 20 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018, na Emily Ngii, naye wa Kenya, akapata shaba katika mita 10,000 za kutembea kwenye michezo hiyo hiyo mwaka 2022. Tunachokosa ni mchezo wa kutembea wa watu wa kawaida, wa mama wa makamo na wazee waliostaafu, ambao wanaambiwa na madaktari kila siku watembee kwa ajili ya sukari na shinikizo la damu, nao hutembea siku tatu wakachoka kwa upweke, kwa kuwa hakuna anayewangoja mbele wala anayewafukuza nyuma.

Barabara ya kutoka Mombasa hadi Malindi ina kilomita zipatazo 120. Ukiigawa vipande 16, kila kipande kitakuwa kilomita saba na nusu, na kikosi cha watu wanane, kila mtu akitembea mara mbili, kinaweza kuimaliza. Wakienda kilomita moja kwa dakika kumi, jambo ambalo mtu mwenye afya aliyejizoeza analiweza, watachukua saa 20. Wakiondoka Mombasa saa kumi alasiri watavuka Mtwapa magharibi inapoingia, watapita Kilifi usiku, alfajiri itawakuta wakielekea Gede, na saa sita mchana watakuwa Malindi. Magari ya barabara ile ni ya kuogopwa usiku, na kwa hiyo polisi lazima washirikishwe tangu mwanzo, kila mtembeaji avae kizibao cha kumeremeta na taa ya kichwani, na zifuatwe njia za pembeni kila zinapopatikana. Zawadi isiwe fedha. Na kanuni iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ambayo kila mtu ataitia sahihi kabla ya kuondoka, kwamba hakuna kukimbia, mchana wala usiku.

Nawaomba viongozi wa vilabu vya Mombasa na wa Malindi mnaonisikiliza jioni hii mwandikiane barua, kila upande ukusanye watu wanane, wanawake na wanaume, na mkikwisha kukubaliana siku, nileteeni habari hapa studioni niwatangazie.